Kura ya kwanza ya mtoto: kufundisha uchaguzi na kazi za viongozi darasa la kwanza

Swali: “Nafundisha watoto 38 wa miaka 6 na 7. Uchaguzi mkuu unakaribia na kila siku wananiuliza habari zake. Nilipowauliza rais ni nani, mmoja alisema ni mwenye nchi, mwingine akasema ni yule wa kwenye picha. Nataka kuwafundisha kupiga kura na kazi za viongozi, lakini sitaki wazazi waseme naingiza siasa darasani. Nianzie wapi, na nitumie nini?”

Mwalimu, majibu hayo mawili yameshakuonyesha pa kuanzia. Mtoto wa miaka 6 amezoea kwamba anayeamua nyumbani ndiye mwenye nyumba, na anayeamua mchezoni ndiye mwenye mpira. Basi anayeamua nchini naye atakuwa mwenye nchi. Hajakosea kufikiri. Hajawahi tu kuona mtu akikabidhiwa kazi ya kuamua kwa muda, kwa masharti, kisha akaikabidhi kwa mwingine. Ukianza somo kwa picha na majina ya viongozi, unampa kitu cha kukariri huku lile wazo la “mwenye nchi” likibaki pale pale. Anza na kazi. Kura ije baadaye, na majina ya viongozi yaje mwisho kabisa.

Hali hii imechunguzwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960, tafiti za Fred Greenstein, na vilevile za David Easton na Jack Dennis, zilionyesha kwamba watoto wadogo wa Marekani walimwona rais kama mtu mwema anayewajali, hata kabla hawajajua anafanya kazi gani. Mwaka 1968 Dean Jaros na wenzake wakachapisha matokeo ya utafiti wao katika eneo maskini la milima ya Appalachia, na huko watoto hawakuwa na picha hiyo nzuri. Kumbe mtoto hupokea hisia kuhusu kiongozi kutoka kwa waliomzunguka kabla ya kupokea maarifa. Hisia hizo huwezi kuzifuta, wala si kazi yako kuzifuta. Kazi yako ni kuleta maarifa yanayokosekana.

Kadi ya shingoni

Kata kadi tatu za manila, kila moja kama sentimita 15 kwa 20, utoboe matundu mawili juu na kupitisha uzi. Uzi uwe mrefu wa kuvulika kwa urahisi kupitia kichwani, na kadi ivaliwe ndani ya darasa tu. Mtoto anayekimbia uwanjani akiwa na uzi shingoni anaweza kunaswa na kukabwa. Mbele ya kadi chora kazi: maji, vitabu, mlango. Nyuma igawe kwa mstari. Kubalianeni kanuni na darasa zima, kisha upande mmoja chora kile mwenye kadi anachoweza kufanya, upande wa pili kile asichoweza. Msimamizi wa maji, kwa mfano, anaweza kusema nani anafuata kwenye foleni. Hawezi kumnyima mtu maji, wala kujipa wa kwanza kila siku.

Hapa hakuna kupiga kura bado. Fuata orodha ya mahudhurio, mtoto avae kadi siku mbili, ya tatu aikabidhi. Makabidhiano yafanyike mbele ya darasa zima, taratibu. Anayeondoka avue kadi na kumvisha anayeingia. Kisha uliza maswali mawili: “Kadi iko wapi sasa?” Watamwonyesha aliyeivaa. “Na aliyekuwa nayo jana yuko wapi?” Watamwonyesha, amekaa mahali pake kama wenzake. Wape muda watazame huku na huku. Wanachokiona ni kwamba cheo kimebaki, mtu amebadilika, na aliyevua kadi hajapungukiwa na chochote. Wakubwa husema cheo ni dhamana. Mtoto wa miaka 6 msemo huo haumwingii, lakini kadi ikihama kutoka shingo hii hadi ile anaelewa.

Kosa linaloharibu zoezi hili ni la mwalimu mwenyewe. Siku ya tatu inafika, msimamizi wa maji amefanya vizuri sana, foleni imenyooka, unasema aendelee wiki nyingine. Hapo umewafundisha kwamba muda wa uongozi huongezwa na mkubwa akipenda. Mshukuru, mpigieni makofi, kadi ihame.

Mapema tu atatokea mwenye kadi atakayemnyima mwenzake maji kwa sababu waligombana. Usimkaripie. Geuza kadi, msome pamoja michoro ya nyuma. Wakibishana kama amevunja kanuni au la, chagua watoto wawili wasiohusika, wasikilize pande zote mbili na waamue. Bila kutaja neno gumu hata moja umeshagusa kazi tatu za serikali: darasa zima lilipokubaliana kanuni zilizo nyuma ya kadi lilifanya kazi ya bunge, mwenye kadi anatekeleza, na wale wawili wamekuwa mahakama. Majina hayo wape wiki ya pili, baada ya kazi zenyewe kuzoeleka. Neno “mihimili” liache kwa madarasa ya juu.

Kutoka kadi kwenda kwa viongozi halisi

Panda kutoka chini. Uliza kuhusu vitu vitatu ambavyo watoto wanavigusa kila siku: barabara wanayopita, maji, na darasa lenyewe. Kwa kila kimoja yawepo maswali matatu: nani huamua kijengwe, fedha hutoka wapi, na kikiharibika tunamwambia nani? Jibu la swali la tatu kwa kawaida ni kiongozi wa ngazi ya chini, na ndiye mtoto anapaswa kumjua kwanza. Halafu mbunge, ambaye kazi yake ni kutunga sheria na kuwasemea watu wake. Halafu waziri. Mkuu wa nchi anakuja mwisho, na anakuja na kadi yake: anaweza hivi, hawezi hivi, sheria inamhusu na yeye.

Fedha usiziruke. Watoto wengi huamini kwamba kiongozi hujenga shule kwa fedha zake mwenyewe, na ukilinyamazia hilo, lile wazo la “mwenye nchi” linarudi kwa mlango wa nyuma. Sentensi moja inatosha: watu wote hutoa kidogo kidogo, inaitwa kodi, na kiongozi hupewa kazi ya kuitumia vizuri kwa niaba yao.

Chunga usahihi wa sentensi zako. Watu wazima tumezoea kusema “wananchi humchagua rais,” lakini si kila nchi hufanya hivyo moja kwa moja. Afrika Kusini wananchi huchagua bunge, na bunge ndilo humchagua rais. Uingereza hupigia kura wabunge, na waziri mkuu hutoka upande wenye kuungwa mkono na wengi bungeni. Marekani rais huchaguliwa na wajumbe 538, naye huhitaji kura zao zisizopungua 270. Kenya mgombea urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hayo si ya kumwaga mbele ya watoto wa miaka 6. Ni ya kukukinga wewe usiwafundishe jambo watakalolazimika kulisahau baadaye. Soma katiba ya nchi yako sehemu ya uchaguzi, andika sentensi moja fupi iliyo ya kweli, na uishike hiyo. Waambie pia kwamba si kila mwenye madaraka huchaguliwa kwa kura. Majaji katika nchi nyingi huteuliwa, na wafalme hurithi.

Wapigie kura nini

Hapa ndipo masomo mengi ya namna hii yanapotea njia. Kura ya kwanza isiwe ya watu. Iwe ya jambo, liwe la kweli, na matokeo yake yatekelezwe siku hiyo hiyo. “Leo mchana tucheze mchezo upi kati ya hii miwili?” ni swali zuri. “Ungependa nani awe rais?” ni swali baya mara mbili: linaingiza vyama darasani, na matokeo yake hayabadilishi chochote, kwa hiyo mtoto anajifunza kwamba kura ni igizo.

Wanyama kama wagombea nao waache, ingawa wanavutia. Weka simba na sungura kwenye karatasi, na watoto waliolelewa na hadithi zetu watamchagua sungura kabla kampeni haijaanza, kwa ujanja wake wa hadithini. Hutajua kama wameelewa uchaguzi au wamekumbuka hadithi.

Usipeleke kwenye kura jambo usiloweza kulitimiza, wala jambo la usalama, wala haki ya mtoto yeyote. Darasa halipigi kura kuhusu nani asikae na nani, au kama fulani anyimwe zamu yake. Watoto wakipendekeza hivyo, nao watapendekeza, waambie wazi kwamba wengi hawana ruhusa ya kupiga kura kumnyima mmoja maji. Somo hilo lina uzito kuliko kura yenyewe, maana mtoto akikosa kulipata ataondoka akidhani demokrasia ni wengi kufanya wanavyotaka.

Chaguo ziwe mbili. Ukiweka tatu, watoto 38 wanaweza kugawanyika 14, 13 na 11, na mshindi akawa jambo ambalo 24 hawakulitaka. Mtoto mwerevu atainua mkono na kukuambia hivyo, na atakuwa na haki. Duru ya pili, ambayo nchi nyingi huitumia kwa sababu hiyo hiyo, ni somo zuri kwa mara ya tatu au ya nne.

Sasa jaribio ambalo halikosi kufundisha. Siku ya kwanza waulize swali lako na wapige kura kwa kunyoosha mikono. Tazama macho yao: wengi hawamtazami mwalimu, humtazama rafiki, kisha mkono unapanda. Andika idadi pembeni ya ubao. Baada ya siku mbili uliza swali lile lile kwa kura ya siri. Mara nyingi idadi hazilingani. Ziweke hesabu mbili kando kwa kando, uliza “kwa nini?” na unyamaze. Yupo atakayesema, “Nilinyoosha kwa sababu yeye alinyoosha.” Hapo siri ya kura imejieleza. Ukitaka kuwaongezea, waambie zamani katika nchi nyingi watu walitamka kura zao kwa sauti mbele ya wote, na tajiri au bosi akasikia. Jimbo la Victoria huko Australia lilianza kura ya siri kwa karatasi zilizochapishwa na serikali mwaka 1856, na Uingereza ikafuata mwaka 1872.

Vifaa

Karatasi za A4 zikatwe robo. Karatasi 10 zitakupa kura 40, za watoto wote na mbili za akiba kwa atakayeharibu yake kabla ya kuitumbukiza. Andaa 10 nyingine za mazoezi, zenye swali tofauti kabisa. Kwenye kila robo weka michoro miwili, na kisanduku cha kutia alama chini ya kila mchoro. Michoro iwe na ukubwa ule ule na yote isiwe na rangi. Mmoja ukiwa na rangi na mwingine hauna, matokeo umeshayapanga bila kujua. Hata mpangilio una nguvu: anayetajwa wa kwanza kwenye karatasi hupata faida kidogo, ndiyo sababu jimbo la Ohio huko Marekani huzungusha mpangilio wa majina kutoka kituo hadi kituo. Kwa darasa, nusu ya karatasi iwe na mchoro wa kwanza kushoto, nusu nyingine kulia.

Kama una watoto ambao kalamu bado inawasumbua, acha karatasi, tumia maharage na makopo mawili yaliyofunikwa, kila kopo na mchoro wake, nyuma ya pazia. Si njia ya kitoto. Nchini Gambia wapiga kura wametumia gololi tangu miaka ya 1960: unaitumbukiza kwenye bomba la pipa la mgombea wako, inagonga kengele mara moja, na walio nje wanajua kwa mlio huo kwamba umepiga kura moja tu. Chini ya pipa huwekwa mchanga au unga wa mbao ili gololi isitoe mlio wa pili. Kwa darasa lako weka kitambaa ndani ya kila kopo, la sivyo wanaosubiri watasikia kopo lipi limelia na siri itaisha.

Sanduku ni boksi lolote gumu. Robo ya A4 ikikunjwa mara moja huwa kama sentimita 10 na nusu kwa 7 na nusu, hivyo kata tundu la urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita moja na nusu. Tundu likiwa jembamba zaidi, vidole vya watoto hubananga karatasi, foleni inasimama. Likiwa pana zaidi, mkono wa mtoto unaingia.

Kwa kituturi cha kupigia kura simamisha boksi kubwa lililokatwa upande mmoja juu ya meza, mdomo ukitazama ukutani. Weka vituturi viwili. Mtoto wa umri huu huhitaji kama sekunde 40, hivyo kwa kituturi kimoja 38 watakula karibu dakika 25, na wale wa mwisho watakuwa wameshaanza kusukumana. Viwili vinamaliza ndani ya dakika 13. Funga kalamu kwa kamba mezani.

Wino wa kidole watoto wanaupenda. India imeutumia tangu uchaguzi mkuu wa mwaka 1962, na ndani yake mna nitrati ya fedha, ambayo hubadilika rangi kwenye ngozi na kubaki siku nyingi. Wewe usitumie kitu kisichofutika, kwa kuwa vidole hivyo vitakwenda mdomoni. Kalamu ya rangi inayotoka kwa maji inatosha. Na kama uchaguzi wa kweli uko karibu sana na hali ni ya wasiwasi, acha kabisa kidole cha wino. Mtoto akifika nyumbani na alama hiyo anaweza kuzua maswali usiyoyataka. Vema kwenye orodha ya mahudhurio itafanya kazi ile ile, na kwa kweli hata katika chaguzi za watu wazima orodha ndiyo ulinzi wa kwanza na wino ni nyongeza.

Siku ya kura

Siku iliyotangulia, watoto wawili waeleze chaguo la kwanza na wawili la pili, kila upande dakika moja. Sharti ni kutoa sababu: “kwa sababu wote wanaweza kucheza,” si “kwa sababu ndio mzuri.” Ahadi zikianza kutoka, nazo zitatoka, fundisha maswali ya kuuliza: inawezekana? Ni kazi yako kweli? Nani atalipia? Mtoto anayeahidi pipi kila siku hujikwaa kwenye swali la tatu.

Na kama mmoja ameshagawa pipi au penseli ili apigiwe kura, chukulia kwa upole lakini usipite. Waambie kura haiuzwi, kisha onyesha kwa nini pipi hiyo haina nguvu: ndani ya kituturi hakuna anayekuona, na mtoaji hawezi kujua ulitia alama wapi.

Kabla ya kuanza, inua sanduku, ligeuze juu chini mbele ya wote, waone ni tupu, kisha lifunge kwa utepe. Vituo vya watu wazima hufanya hivyo hivyo. Gawa kazi: mmoja anaweka vema kwenye orodha akisaidiwa na wewe, mmoja anatoa karatasi, mmoja anasimama karibu na sanduku, na kila upande una wakala wake anayetazama tu. Wakala ana kadi pia: anaweza kutazama na kuuliza, hawezi kugusa karatasi. Wewe usikae karibu na kituturi. Watoto watakuita, “Mwalimu, nimefanya sawa?” wakikuonyesha karatasi. Funika macho kwa mkono, umwambie, “Hiyo ni yako, sitaki kuiona.” Atakayekosea apewe karatasi ya akiba, ile iliyoharibika ikunjwe na kuwekwa kwenye bahasha. Isitupwe, kwa sababu utaihitaji kwenye hesabu.

Kuhesabu

Tangaza kanuni za kura iliyoharibika kabla ya kufungua sanduku, kamwe si baada ya kuiona karatasi. Alama mbili ni kura iliyoharibika. Bila alama, iliyoharibika. Alama iliyotoka kidogo nje ya kisanduku lakini iko upande mmoja wazi, inahesabiwa. Vipi kuhusu aliyechora ua badala ya vema? Kama ua liko kwenye kisanduku kimoja tu, nia yake inaonekana, ihesabu. Ukisubiri mpaka karatasi itokee, kila upande utadai kanuni inayoufaa, na watoto watahisi dhuluma hata kama hukuikusudia.

Toa karatasi moja moja, ionyeshe kwa darasa zima, isome, iweke kwenye fungu lake. Watoto wawili waandike ubaoni kwa vijiti, vinne vikisimama na cha tano kikivikata. Mwisho fanya hesabu ya uhakiki: upande wa kwanza, jumlisha upande wa pili, jumlisha zilizoharibika ndani ya sanduku, jibu lilingane na vema za kwenye orodha. Mathalani 21, 15 na 2 ni 38. Karatasi za bahasha zihesabiwe peke yake pamoja na zilizobaki mezani, ili ujue karatasi zote 40 zilipo.

Siku isipolingana usione haya. Ni bahati njema kwa somo. Upungufu wa moja kwa kawaida una moja ya sababu hizi: karatasi mbili zimekunjamana pamoja, vijiti vimeandikwa vibaya, au kuna mtoto ameondoka na kura yake mfukoni kwa sababu aliipenda. Hesabuni upya fungu kwa fungu. Ikipatikana mfukoni baada ya sanduku kufunguliwa, haihesabiwi, mweleze kwa utulivu kwa nini: tayari matokeo yanajulikana, na asiyepaswa kujua angejua kura yake. Kisha tangaza, na tekeleza mchana huo huo.

Kushindwa

Dakika kumi za kuzungumzia kushindwa ziwe kabla ya kura. Baada ya matokeo mtoto anayelia hasikii. Waulize mapema: “Chaguo lako lisiposhinda utafanya nini?” Wape sentensi ya kushika: “Safari hii hatukushinda, tutapiga tena.” Na ili sentensi hiyo iwe ya kweli, tarehe ya kura ijayo iandikwe ukutani siku hiyo hiyo, wiki mbili mbele. Kwa mtoto, kukubali kushindwa kunakuja na kujua lini atajaribu tena. Bila tarehe, unamwomba avumilie tu.

Upande ulioshinda nao una wajibu. Mchezo uliochaguliwa ni wa wote, na walioshindwa wapate nafasi nzuri ndani yake. Wakianza kuimba “tumewashinda,” simamisha, uliza: “Mchezo huu ni wa nani sasa?” Usisherehekee mno wewe mwenyewe, watoto wanasoma uso wako kuliko maneno.

Kiranja aje baadaye

Wengi huanza kwa kumchagua kiranja kwa kura kwa sababu ni rahisi kuandaa. Kwa umri wa miaka 6 nakushauri usifanye. Inakuwa kura ya nani anapendwa, na mtoto aliyepata kura 2 kati ya 38 amejifunza jambo kuhusu nafsi yake, hajajifunza chochote kuhusu uchaguzi. Subiri miaka 8 au 9. Hata hapo kazi ielezwe kabla ya majina kutolewa, muda uwe wiki mbili, na wavulana na wasichana wote wahimizwe kugombea, maana wasipohimizwa mzoea kusikika ndiye husimama. Kuhusu idadi ya kura kuna mvutano wa kweli: uwazi unataka itangazwe, huruma inataka ifichwe. Kwa watoto naona mawakala waione hesabu yote na darasa litangaziwe mshindi tu, na ulieleze darasa kwa nini umefanya hivyo.

Maswali watakayokuuliza

“Mwalimu, wewe utampigia nani?” Jibu: “Kura yangu ni siri, kama yako ilivyokuwa siri.” Halina kukwepa, na ndilo somo lenyewe.

“Baba anasema fulani ni mwizi.” Usithibitishe wala usikanushe, na usimwaibishe mzazi. “Watu wazima wana maoni tofauti kuhusu viongozi. Mtu akidaiwa amevunja sheria, mahakama ndiyo huchunguza na kuamua.” Wakumbushe wale wawili walioamua ugomvi wa maji.

“Kwa nini mimi siruhusiwi?” Nchi nyingi zimeweka miaka 18. Austria ilishusha hadi 16 mwaka 2007, na Brazili imewaruhusu wa miaka 16 tangu katiba yake ya 1988. Kwa hiyo umri huo ni makubaliano, na makubaliano hubadilika. Waambie pia kwamba kutopiga kura si kutosikilizwa: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu.

“Watapigana?” Swali hili likija, acha somo. Usiahidi usichokijua. Mwambie yaliyo hakika: nani yuko naye leo, nani atakuja kumchukua, nini kitafuata kwenye ratiba. Muulize amesikia nini na wapi, kwa kuwa mara nyingi ni kipande cha taarifa ya habari au mazungumzo ya wakubwa yaliyomfikia nusu. Mfikishie mzazi kwamba mtoto ana hofu.

Wazazi

Waandikie wiki moja kabla ya kuanza. Barua fupi inatosha: “Kwa wiki tatu watoto watajifunza kazi za viongozi na namna ya kupiga kura. Watapiga kura kuhusu michezo na hadithi za darasani. Hatutataja vyama wala wagombea, na hatutawauliza watoto wanachosema nyumbani kuhusu siasa. Unakaribishwa kuja kuona siku ya kura.” Ile sentensi ya tatu ndiyo inayotuliza. Kisha uitimize kwa vitu vidogo: kadi na michoro isiwe na rangi za vyama, kusiwe na ishara za mikono zinazotumika kwenye kampeni, na mtoto akija na kofia ya chama ikae kwenye begi bila kukaripiwa.

Siku ya matokeo halisi

Kama matokeo ya nchi yatachelewa, watoto watakuja wakiuliza kwa nini, na wengine watakuwa wamesikia kwamba kuchelewa maana yake ni kuibiwa. Rudi kwenye hesabu yenu. Waulize mlitumia muda gani kuhesabu karatasi 38, na ilikuwaje ile moja ilipokosekana. Kama mlitumia dakika 12, ziandike ubaoni. Kisha waambie nchi nzima ina vituo maelfu, vingine mbali, na kila kimoja lazima kilinganishe karatasi na orodha kama mlivyofanya nyinyi, mawakala watie saini, ndipo hesabu zisafirishwe na kujumlishwa. Kama kuna anayepinga matokeo, yapo mahali pa kupeleka malalamiko, nako pia kuna watu wa kusikiliza pande zote kabla ya kuamua. Wasomee tarehe iliyoandikwa ukutani, ya kura yenu ijayo, na uwaulize safari hii wapigie kura jambo gani.